Vijiti Sitini vya Mideva

Wewe mama unayekodi shamba la watu, kabla hujasimamisha kijiti, uliza kwanza ni cha mti gani. Mideva hakujali, na nusura watoto wake watano wakose chakula kwa sababu hiyo.

Shamba lilikuwa robo eka huko Mayoni, mali ya mzee Osundwa. Miwa ilikuwa imelichosha mpaka udongo umekuwa mgumu kama tofali. Mzee alimkodishia misimu minne, akampa masharti matatu: "Mama Sylvia, usipande mti, usipande ndizi, usizike mtu. Hivyo vitatu vikiingia kwa shamba havitokangi."

"Nitamzika nani, baba? Mimi nataka maharagwe tu."

Msimu wa kwanza alivuna maharagwe ya kujaza kofia. Basi kwenye kikundi cha akina mama wakafundishwa kukata maua malulu, yale ya manjano yanayoota kwenye ua, na kuyafukia yakiwa mabichi. Mideva alikata, akabeba kichwani, akafukia, mpaka shingo ikawa fupi. Majirani walimcheka eti anafanyia majani matanga. Akaongeza samadi ya mbuzi, maganda na jivu. Kufika msimu wa tatu udongo ulikuwa mweusi tititi, na minyoo imenona hadi kuku wa boma la tatu wanakuja kutembea.

Osundwa naye alianza kupita hapo mara mbili kwa siku, akisimama, akimeza mate. Alitaka shamba lake lirudi kwa miwa. Kilichobaki kilikuwa sababu, na sababu Mideva akampa mwenyewe.

Msimu ule alipanda maharagwe ya kutambaa, yanayohitaji vijiti. Kuni zilikuwa haba, lakini watu wa barabara walikuwa wamekata mirembe, wakaacha matawi hapo bure. Mideva aliujua murembe vizuri. Ni mti wa kiapo, ukisema uongo mbele yake, au ukiung'oa ukiwa hai, unajitafutia kifo. Lakini mti ukishakatwa si umekufa? Nani amewahi kuogopa kuni? Akakwangua miiba kwa panga, akasimamisha vijiti sitini.

Mvua ikanyesha wiki mbili. Asubuhi moja akainama kupalilia, akaona jani la ajabu. "Harage gani hili lina miiba?" Akaangalia kijiti cha pili. Cha tatu. Vyote vimechipuka.

Osundwa alifika kabla hajapata la kufanya.

"Mama Sylvia! Nilikukataza mti mmoja, umepanda sitini!"

"Ni vijiti, baba."

"Vijiti vinatoanga majani? Kesho plau inaingia hapa. Toka!"

Maharagwe yalikuwa ndiyo kwanza yametoa maua, na nyumbani unga ulikuwa wa siku nne.

"Sawa, baba. Basi ng'oa hiyo miti yako."

Mzee akanyoosha mkono, akaurudisha haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. "Aliyepanda ndiye ang'oe."

"Mimi niko na watoto watano."

"Na mimi niko na presha!"

Jioni Protus, mumewe, alirudi kutoka kukata miwa, akasikia habari, akakaa chini kwenye vumbi.

"Mwanamke akipanda mti, bwana yake anakufa. Huo ni mmoja. Sasa sitini?"

"Kwani utakufa mara ngapi, Baba Sylvia? Inuka ule."

Akaanza kukohoa, kikohozi ambacho asubuhi hakuwa nacho. Akaomba achinjiwe ingokho angali ana hamu ya kula. Kuku alikuwa mmoja tu, na hakuchinjwa.

Kesho yake Osundwa akaja na Barasa mwenye ng'ombe wa plau. Barasa alitazama shamba, akavuta kamba, ng'ombe wakasimama.

"Mzee, hukuniambia kuna mirembe."

"Hivi? Hivi ni vijiti tu."

"Vijiti vinatoanga majani?" akauliza Mideva.

Barasa hakungoja jibu. Aligeuza ng'ombe, na kufika saa sita soko zima lilikuwa na habari. Hakuna mwenye plau aliyetaka hata kupitia njia ile.

Siku ya tatu Osundwa alirudi, sauti imelainika. "Mama Sylvia, utaviondoa lini?"

"Maharagwe yakikauka, nitang'oa mwenyewe. Lakini msimu wa nne ni wangu, kama tulivyopatana."

"Ni wako, ni wako," akasema mzee, akianza kuondoka.

"Ngoja, baba. Sema ukiwa hapo katikati."

Osundwa akatazama kulia, mirembe. Kushoto, mirembe. Akavua kofia. "Msimu wa nne ni wa Mama Sylvia," akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto aliyevunja chungu. Na hakugusa hata mti mmoja.

Lakini usicheke sana, mama. Siku ya kung'oa, Mideva alifunga mikono matambara, akamwomba Mungu kwa kila kimoja mpaka cha sitini. Protus alisimama mbali ameshika kifua. Yu hai, anakohoa akiona kuku tu. Si kila mwenye shamba anaogopa kiapo; mwingine angekufukuza siku hiyo hiyo. Mideva sasa anatumia mabua ya mahindi, na vijiti vyako wewe ni vya mti gani?