Kitufe Chekundu

Kaseti ilikuwa moja tu, na sauti ya mama yake Flaviana haikuwepo kwingine kokote. Mama huyo, Editha, aliirekodi Masasi, akampa kondakta wa basi amletee mumewe Dar, kama watu walivyokuwa wakitumiana salamu kabla ya simu. Mwaka huohuo akafariki, Flaviana akiwa bado ananyonya. Redio ikaharibika, kaseti ikakaa kabatini.

Sasa baba yake, mzee Romani, alikuwa amepata redio ya kaseti kwa fundi wa Temeke. Flaviana aliazima kompyuta kwa jirani, akaunganisha waya kati ya vyombo hivyo viwili, pale sebuleni kwao Chanika.

"Fundi kasema utepe umechoka, baba," alisema, kama anayeomba radhi. "Tuucheze mara moja tu."

"Mie narekodiaga mpira na taarabu wewe hujazaliwa, leo unifundishe redio?"

Flaviana akawasha kompyuta irekodi, akampa baba ishara.

Mzee akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kama alivyozoea ujanani: cha kucheza na kile chekundu cha kurekodi.

"Kimya sasa," akanong'ona. "Mama yako anakuja."

Utepe ukazunguka. Hakuna sauti. Kwenye kompyuta mstari umelala. Flaviana akageukia redio, akaona kitufe chekundu kimezama.

Tangu azaliwe hajawahi kumwambia baba yake acha. Na baba mwenyewe kafumba macho, anatabasamu, anangoja. Utepe unazunguka tu.

"Baba, unamfuta! Unamfuta mama!"

Kuku walitawanyika uani. Flaviana akachomoa waya wa umeme ukutani.

Mzee Romani alikitazama kile kitufe. "Si tunarekodi?" akauliza, sauti imemwisha. "Si lazima viwili?"

"Kompyuta ndiyo inarekodi, baba. Redio inacheza tu."

Flaviana akabonyeza cha kusimamisha, chekundu kikaruka juu. Akachomeka umeme, akaurudisha utepe taratibu, akiomba usikatike. Safari hii alibonyeza mwenyewe, kitufe kimoja.

Kwanza walisikia mkwaruzo. Kisha, kutoka kwenye utepe, sauti ya mzee mwenyewe: "Kimya sasa. Mama yako anakuja." Kisha ukimya mrefu, na kelele za Flaviana. Kisha kitu kikakatika, na mwanamke ambaye Flaviana hakumjua akadakia katikati ya maneno:

"...korosho tumeuza, nangoja gari tu. Mtoto kaota meno mawili, ananing'ata huyo!"

Mzee akajishika kichwa. "Alianza kwa kuniita," akasema. "Lile jina alilokuwa akiniita yeye peke yake. Ndilo nimelifuta, mwanangu, ndilo..."

"Nyamaza, baba," Flaviana akasema, macho kwenye utepe. "Bado anaongea."