Goti la Mama Ciru

Goti la Waceke, Mama Ciru, lilikuwa limechosha soko zima. Shamsa, aliyeuza mashuka jirani na duka la mbegu la Waceke, alikuwa amesikia habari za goti hilo tangu mahindi yapandwe mpaka yavunwe, na moyoni alishakata shauri kwamba Mama Ciru anadeka tu. Si alipewa vidonge vikali vya maumivu hospitalini, akasema havifanyi kitu? Hata watoto wake walikuwa wameacha kumuuliza anaendeleaje.

Basi jino likamshika Shamsa siku ya biashara nzuri, mpaka machozi yakamtoka mbele ya wateja. Waceke si mchoyo hata wa dawa. Akamletea vidonge vyake viwili na chai ya kuvishushia.

"Meza tu, Mama Khalid. Hii ni kama kutafuna chaki."

Adhuhuri haijaadhiniwa, Shamsa alikuwa amelala fofofo juu ya mashuka ya maua, akipumua kwa shida, na mteja bado anamwuliza bei.

Alizindukia hospitalini, Waceke ameketi kando ya kitanda. Daktari Selpha aliwagombeza kwanza wote wawili kwa kugawana dawa kama karanga. Kisha akaeleza.

"Hiyo dawa ukiimeza bado haijakuwa dawa. Ni maini inaigeuza. Yako, Shamsa, inaigeuza kwa pupa, yote inakumwagikia mara moja. Ya Waceke nadhani haigeuzi kabisa. Mtu anazaliwa hivyo."

Waceke akauliza kama hayo ni mambo ya makabila, maana Eldoret swali hilo halikosi. Daktari akacheka. Akasema kila taifa lina watu wa namna zote, ila wengine ni wengi huku na wengine kule. Hata Wamaori, wenyeji wa New Zealand, wamechunguzwa kwa jambo hilo. Ndugu wa tumbo moja nao wanaweza kutofautiana. Waceke angepimwa, na dawa angebadilishiwa leo hii.

Shamsa hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anatazama lile goti, lilivyovimba chini ya sketi, na akawaza jinsi jino la asubuhi moja tu lilivyomliza. Aibu ikamshika.

"Kumbe umekuwa ukiumwa hivyo wakati huu wote," akasema, "na mimi nasema unadeka."

Waceke akaushika mkono wa Shamsa, akalia.