Upande wa Gitaa la Nzioka

Swabra Faki alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka tisa iliyopita hakukosa shoo hata moja ya Mabati. Mabati ilikuwa bendi ya roki ya watu wanne walioanza kufanya mazoezi katika karakana moja ya Kinanie, chini ya paa lililowapa jina. Wengi mjini Machakos hawakuwajua, na waliowajua walisema ni kelele tu. Swabra alikuwa akisimama mbele kabisa, upande wa kushoto, karibu na spika ya Nzioka, mwimbaji na mpiga gitaa wao. Gitaa lake lilipoanza, vinyweleo vya mikono vilimsimama, na baridi ikampanda mgongoni hadi kisogoni. Hicho ndicho alichokuwa akikifuata.

Albamu mpya ikitoka, alichukua siku moja ya likizo katika kiwanda cha nguo cha Athi River alikokuwa akikagua mishono ya suruali. Alijifungia chumbani na kuisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo. Baba yake, Mzee Faki, aliyehama kutoka Mombasa akiwa kijana na kufungua duka la viungo karibu na msikiti wa Machakos, aligonga mlango mara moja tu, kumwambia chakula kiko tayari. Waliishi wawili tangu mama yake Swabra alipofariki.

Jumanne moja ya Februari, Swabra aliamka akadhani amelalia vibaya sikio la kushoto. Lilikuwa limeziba, na ndani yake mlikuwa na mvumo kama wa friji kuukuu. Hakushtuka. Jumamosi iliyopita alikuwa kwenye shoo, na masikio yake yalizoea kuvuma siku mbili baada ya shoo kisha yakatulia. Alinunua dawa ya matone, akaendelea na kazi. Wiki ikapita, ikaja ya pili. Kavutha, aliyekaa naye meza moja kiwandani na kwenda naye kwenye kila shoo, alianza kulalamika.

“Swabra, nakuita mara tatu! Kwani uko na shida gani na mimi?”

“Sikio limeziba.”

“Bado? Si uende hospitali?”

Alienda wiki ya tatu, kwa daktari wa masikio Nairobi, na Mzee Faki akafunga duka ili ampeleke. Walimwingiza katika kijumba kidogo kisichopenyeza sauti, wakamvisha hedifoni, wakamwambia abonyeze kitufe kila atakaposikia mlio. Upande wa kulia alibonyeza na kubonyeza. Kisha kukawa kimya, kimya kirefu, mpaka akadhani mashine imeharibika. Akageuka kumtazama muuguzi nyuma ya kioo. Muuguzi alikuwa bado anazungusha vidude vyake.

“Kuna dawa,” daktari alisema, “lakini husaidia ikianzwa siku za kwanza. Tutajaribu, ila sitaki kuwadanganya.”

“Ni ule muziki?” Mzee Faki aliuliza.

“Huenda. Huenda pia ni virusi. Mara nyingi hatujui, mzee.”

Swabra alimeza vidonge vyote alivyoandikiwa, akarudi kupimwa, na karatasi ikaonyesha vilevile. Walipotoka nje, baba yake alimtazama kwa namna ya mtu anayesubiri kilio. Swabra akamuuliza kama nyumbani kuna nyanya za kutosha au wapitie sokoni.

Kilio hakikuja siku ile wala zilizofuata. Alikula, alilala, alikagua mishono. Watu walipomwonea huruma aliwajibu “Asante” kwa sauti ileile aliyotumia kuwajibu waliomuuliza saa. Kwa kuwa sasa alisikia kwa sikio moja tu, hakuweza kujua sauti inatoka wapi. Siku moja, akivuka barabara karibu na soko, alisikia honi akadhani iko kulia, kumbe bodaboda ilikuwa kushoto kwake. Kioo cha pikipiki kilimpiga kiwiko. Mwenye pikipiki alimtukana, Swabra akamwomba radhi, akaendelea kutembea. Baba yake aliposikia, hakumfokea. Tangu siku hiyo, kila walipotoka pamoja, alitembea kushoto kwake, akiwa amemshika mkono wa gauni kwa vidole viwili.

Mwezi wa Aprili ndipo alipojaribu kusikiliza Mabati tena. Alivaa hedifoni, akaweka albamu yao ya pili, aliyokuwa akiipenda kuliko zote. Sauti ya Nzioka ilikuwapo, ngoma zilikuwapo. Lakini gitaa lake halikuwapo. Katika albamu zao zote gitaa la Nzioka lilipangwa upande wa kushoto, na la Mbinya, mwanamke aliyepiga gitaa la pili, upande wa kulia. Swabra alizigeuza hedifoni. Nzioka akarudi, Mbinya akaondoka. Akazigeuza tena, mara nne au tano, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni. Kisha akazikunja na kuziweka kwenye droo pamoja na soksi.

Albamu mpya ilitoka Ijumaa moja ya Juni. Swabra hakuomba likizo. Saa ya chakula, Kavutha alimletea simu mezani.

“Sikiliza hii ya tatu. Aki nimelia ndani ya basi!”

Swabra aliweka simu kwenye sikio la kulia. Alisikia wimbo mzuri, akajua kuwa ni mzuri, kama vile mtu anavyojua kuwa suruali imeshonwa vizuri. Akamrudishia simu kabla haujaisha na kumenya ndizi yake.

“Imeniweza,” Kavutha alisema. “Wewe je?”

“Ni nzuri.”

Kavutha alirudisha simu mfukoni. “Uzinduzi ni Jumapili ijayo mchana, kule Machakos mjini. Nimenunua tiketi mbili.”

“Chukua mtu mwingine.”

“Sina mtu mwingine.”

Swabra alipomweleza baba yake jioni ile kwamba hatakwenda, Mzee Faki alikuwa akichekecha iliki. Hakuinua kichwa.

“Unaogopa?”

“Hapana, Baba. Sioni tu haja.”

“Basi twende wote. Ikiwa hakuna haja, hatutapoteza kitu.”

Walikwenda watatu, Mzee Faki akalipia tiketi yake mlangoni. Ukumbi ulikuwa wa zamani, na joto la mchana lilikuwa limeshikamana na kuta. Mzee Faki alikuwa na kanzu yake na kofia, katikati ya vijana waliovaa fulana nyeusi. Wakampisha kwa heshima, mmoja akamletea kiti. Hakukaa. Alisimama kushoto kwa Swabra, nyuma kabisa karibu na mlango, akaziba masikio yake kwa pamba aliyokuja nayo mfukoni. Kipande kingine akampa binti yake.

“Cha sikio zima,” alimwambia. “Lilinde hilo.”

Mabati walipanda jukwaani, ukumbi ukalipuka. Kavutha alikimbilia mbele. Kwa Swabra kila kitu kilikuja kikiwa kimechanganyika, ngoma na magitaa na vifijo, kama vyakula vitatu vilivyomiminwa katika sufuria moja. Alitazama vidole vya Nzioka, na kwa kuwa nyimbo za zamani alizijua kwa moyo, aliweza kufuata vidole na kujua gitaa lilikuwa linasema nini. Alijitazama mikono. Vinyweleo vilikuwa vimelala. Alingoja hadi wimbo wa mwisho, na havikusimama.

Watu walipokuwa wakitoka, Nzioka alishuka akawafuata mlangoni, shati limemganda mwilini. Alimjua Swabra kwa sura tangu siku shoo zao zilipokuwa na mashabiki kumi na wawili tu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Swabra, leo sikukuona mbele. Tumekukosea?”

“Sikio la kushoto limekufa,” Swabra alisema. “Tangu Februari.”

Nzioka aligeukia jukwaa. Akatazama zile spika kubwa, kisha akamtazama tena. “Limekufa kabisa?”

“Kabisa. Sijui ni nini kilichosababisha. Hata daktari hajui.”

“La kushoto.” Alifikiri. “Basi gitaa langu hulisikii. Kwenye albamu.”

“Nikivaa hedifoni, hapana.”

“Simu iko na mahali pa kuunganisha pande zote mbili, zisikike kwa sikio moja.”

“Kavutha alinionyesha. Inaponda kila kitu pamoja.”

“Itaponda, ndiyo.” Alijifuta uso kwa mkono. “Nipe kama siku kumi. Nitaipanga upya mwenyewe, albamu nzima, kila gitaa lisikike hata kwa sikio moja.”

“Usijisumbue.”

“Acha nijisumbue.”

Zilipita siku kumi na nne, kisha nyimbo zikaingia kwenye simu, tisa zote, bila ujumbe wowote. Swabra aliangalia simu akiwa dukani, akapanga kwanza paketi za mdalasini kwenye rafu. Baba yake ndiye aliyesema, “Hebu ziweke tusikie.”

Alivaa hedifoni upande wa kulia tu, akampa Mzee Faki kile kipande kingine akiweke sikioni mwake. Walikaa kwenye magunia, vichwa vimekaribiana. Nzioka alikuwa ameyatenganisha magitaa, moja likawa karibu, jingine kama linapigwa chumba cha pili. Yote mawili yalisikika. Mteja aliingia akitaka pilipili manga, Mzee Faki akamwashiria asubiri.

“Huyu ndiye uliyekuwa unamsikiliza miaka yote?” aliuliza wimbo wa nne ulipoanza.

“Ndiye.”

“Anaimba kama mtu anayeumwa na jino.”

Swabra alitikisa kichwa kukubali. Walisikiliza zote tisa. Mwilini hakuhisi kitu, ila aligundua kuwa hakuwa ameruka wimbo. Akamwandikia Nzioka: *Nimekusikia.* Lilikuwa neno la kweli, na hakuwa na jingine la kuongeza.

Alhamisi, Kavutha alipiga simu kutoka stendi.

“Mabati wako Athi River mwisho wa mwezi. Nikununulie tiketi?”

“Ninunulie.”

“Umeanza kusikia raha tena?”

“Hapana.”

“Sasa?”

“Ninunulie tu, Kavutha.”

Akakata simu, akaenda kuosha mchele wa chakula cha jioni.