Kiti cha Mama

Mama wa rubani alivuka bahari kwa nia moja tu: kumrudisha binti yake nyumbani. Mjomba alikuwa ameshamtafutia kazi kwenye kampuni kubwa ya ndege, yenye sare na mshahara wa maana, na binti bado aling'ang'ania kurusha ndege kwa kujitolea ugenini, akipeleka dawa na misumari kwenye vijiji visivyofikika kwa gari.

"Unachezea ujana wako," mama alimwambia. "Ukoo mzima unaniuliza mimi."

"Waniulize mwenyewe. Kesho twende wote, uone ninachokichezea."

Asubuhi, kwenye banda la ndege, ugomvi ulianzia kwenye mizani. Mama aligoma kupimwa. "Mimi si gunia."

"Hata mimi napimwa, mama. Ndege ndogo haijui mkubwa wala mdogo."

Mama akapanda mizani huku amefumba macho, akakataza mtu yeyote asiisome kwa sauti.

Walitua kwenye kiwanja kifupi cha nyasi, mgongoni mwa mlima, kilichokuwa kimelowa mvua. Nesi wa zahanati alikuwa akiwasubiri. Mwalimu wa kijiji alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa la darasa akiziba tundu, paja likavunjika. Alilala kwenye machela, mkewe akimpepea kwa ukingo wa shuka. Rubani aliizunguka ndege, akaukanyaga ule udongo, akapiga hesabu. Kwa tope lile angebeba machela na abiria mmoja tu, tena mwepesi.

Ndipo akatokea mkaguzi wa serikali, mkoba mkononi. Ndege hiyohiyo ilimleta juma lililopita, naye aliahidiwa kiti cha kurudi.

"Mgonjwa atasubiri kesho," alisema. "Nina kikao mjini."

"Kitakachosubiri ni kikao, mzee."

"Binti, wewe ni mgeni hapa, tena wa kujitolea. Nikimpigia bosi wako, safari yako ya kwenu iko tayari."

Rubani alijua hayo hayakuwa maneno matupu. Lakini mikono yake iliendelea kukaza mikanda ya machela. "Mpigie. Ila leo ndege hii naiendesha mimi."

Mkaguzi akamnyooshea kidole mama, aliyekuwa amesharudi kitini. "Na huyo? Anaumwa nini?"

Mama hakuwa mgonjwa. Alikuwa mama wa rubani tu. Kabla rubani hajajibu, mama alikuwa ameshajifungua mkanda, anashuka kinyumenyume, mguu mmoja ukitafuta ardhi.

"Mke wa mwalimu apande," alisema. "Mimi nitalala kwa nesi."

"Kiti kikiwa wazi ni changu," mkaguzi akasema.

"Baba, hata kwa macho tu, mke wa mwalimu unamzidi magunia mawili. Na huyo bosi mpigie leo hii. Nimekuja kumchukua binti yangu, utakuwa umenisaidia. Lakini mgonjwa anatangulia."

Nesi akaangua kicheko, akajifanya anakohoa.

Rubani akawasha injini. Tope liling'ang'ania magurudumu, miti ikaja kasi, kisha ndege ikajinyanyua pembeni mwa mlima. Mwalimu alifika hospitali akiwa anamlalamikia mkewe, dalili njema.

Kesho yake, kiwanja kikiwa kimekauka, rubani akawafuata wale wawili waliobaki. Mkaguzi alikuwa ameshapiga simu. Bosi aliwangoja bandani.

"Mwombe radhi tuyamalize," bosi alisema.

"Kwa lipi?"

"Kwa sababu tunawahitaji wakubwa hawa. Wakitufungia, hakuna atakayeruka."

"Nakuelewa, bosi. Lakini sitaomba."

Bosi akakuna kidevu, akamsimamisha kuruka juma zima. Rubani akamwambia akirudi kazini, mgonjwa akiwepo, atafanya vilevile.

Walipofika chumbani kwake, mama akavua viatu vilivyojaa tope. "Juma moja tu? Nilidhani watakufukuza."

"Umesikitika?"

"Sana," mama akasema, akampa simu. "Sasa mpigie mjomba wako. Mimi simwambii."

Rubani akapiga. "Shikamoo mjomba. Ile kazi mpe mtu mwingine. Sirudi."

Upande wa pili mjomba akaanza kufoka. Mama akasogea, akaongeza sauti ya simu ili asikie vizuri.