Milango Kumi na Minne

Mumewe alipokuwa hai, fundi nyumbani kwao alikuwa mmoja tu, naye watu walimwita Taratibu. Angeweza kukaa nusu siku na mlango mmoja wa kabati, anausugua, anaupapasa, anausugua tena, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. "Rangi ni nguo," alizoea kusema. "Mwili ukiwa mchafu, nguo haisaidii." Mkewe alikoroga rangi, akaosha brashi, akashika ngazi. Taratibu alipofariki kwa ugonjwa wa mapafu, mke akabaki na watoto, akairithi ngazi pamoja na wateja, akaanza kupaka kuta za nje za nyumba za watu, na hapo ndipo alipoitwa Mama Rangi. Kuta alizimudu. Makabati hakuyagusa. Kila alipoombwa alikuwa na udhuru: mara mgongo, mara safari.

Miaka miwili na miezi minne baada ya mazishi, akapigiwa simu na mwanamke aliyekuwa akiishi mbali. Alitaka nyumba ya mama yake ipakwe nje, na makabati ya jikoni yasuguliwe na kupakwa upya.

"Ila mama yangu ana usahaulifu," alisema yule binti. "Akikwambia jambo lisiloeleweka, wewe itikia tu."

Mama Rangi alifungua kinywa atoe udhuru wake wa mgongo, akajisikia anasema, "Sawa. Nitakuja Jumatano."

Jumatano asubuhi shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimbebea ngazi na makopo hadi getini, kisha akawahi kazini kwake. Bibi mwenye nyumba alikuwa barazani kwenye kiti, shuka miguuni, mikono inamtetemeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umechelewa? Mumeo alisema ungekuja Jumatatu."

Mama Rangi akakumbuka alivyoagizwa. "Foleni, bibi."

"Foleni ya siku mbili?"

Akacheka, akaingia jikoni. Akasimama ghafla.

Makabati yalikuwa na rangi ya kijani ya zamani, imefifia, imegandwa na mafuta karibu na jiko. Lakini milango mitatu ilikuwa tayari imeng'olewa, imeegemezwa ukutani juu ya magazeti, imesuguliwa hadi mbao ikabaki tupu, laini kama shavu. Vumbi la msasa lilitanda sakafuni, bichi, halijakanyagwa na mtu. Akaugeuza mlango mmoja. Nyuma yake, kwa penseli, palikuwa na namba ndani ya duara dogo. Kando ya kila mlango palikuwa na kipande cha gazeti kilichoviringwa, nacho kina namba hiyo hiyo. Hakuhitaji kukifungua ndipo ajue kina nini. Bawaba mbili na skrubu zake nane. Mafundi wote aliowajua walitupia skrubu kwenye kopo moja kisha wakahangaika nazo. Mtu mmoja tu alizifungia hivyo.

Akatoka nje. "Bibi, nani ameianza kazi hii?"

"Si nimekwambia? Yule fundi mrefu, mwenye kukohoa. Nimemkaribisha chai, hakutaka. Kasema, mke wangu atamalizia."

Akampigia binti. Hapana, hakuita fundi mwingine. Akamwendea jirani aliyemhudumia bibi, mwenye kushika funguo. Hakuna mwanamume aliyeingia mle. "Na bibi mwenyewe hawezi hata kufunga kifungo," alisema jirani. "Atasugua mbao?"

Mama Rangi akarudi jikoni, akahesabu milango yote, iliyong'olewa na isiyong'olewa. Kumi na minne. Akakaa chini kwenye vumbi lile lile.

Siku zake za mwisho hospitalini, Taratibu alikuwa akimshika mkono na kurudia neno moja: "Milango kumi na minne, mke wangu. Nimeahidi." Yeye alidhani ni homa. Msibani watu walimfariji kwamba marehemu alikuwa anaonyeshwa milango ya peponi, naye akaliamini hilo, maana lilikuwa zuri kuliko mengine yote aliyoambiwa. Kumbe mwenzake alikuwa anazungumzia kazi.

"Bibi," aliuliza kutoka dirishani, "huyo fundi mlipatana naye lini?"

"Zamani," alisema bibi. "Nikamngoja. Nikamngoja sana."

Mtu mwingine angekusanya ndoo zake akakimbia. Naye alifikiri hivyo. Lakini aliona aibu kumkimbia mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na tisa. Akabandika magazeti kwenye vioo vya madirisha visichafuke, akafunga mlango wa jikoni, akachukua ufunguo wake, uliokuwa mmoja tu, akaenda kukwangua kuta za nje.

Alhamisi asubuhi akafungua. Milango sita. Ijumaa, tisa. Ufunguo ulikuwa umelala chini ya mto wake mwenyewe. Hakumwambia shemeji, hakumwambia jirani. Alifagia vumbi, akaangalia namba, akafunga. Chakula kilimshinda. Kazi ilikuwa inamtangulia, na kila alipofungua mlango alikuwa na hofu mbili: amkute, au asimkute.

Jumamosi, jua likiwa utosini, alikuwa juu ya ngazi anapaka ukuta wa upande wa jikoni. Bibi alikuwa ameketi kivulini hatua chache kutoka hapo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni. Ndipo akasikia, upande wa pili wa ukuta, karibu kabisa na sikio lake:

Shwaa. Shwaa. Shwaa.

Msasa juu ya mbao. Mivuto mirefu, kufuata mshipa wa mti, kisha kimya kifupi, kimya cha mtu anayepapasa kwa kiganja. Kisha tena, shwaa. Brashi ikamponyoka. Akamtazama bibi, akiomba moyoni bibi awe hajasikia.

"Mwache amalize," bibi alisema kwa utulivu. "Fundi hapendi kusimamiwa."

Halafu ndani mle mtu akakohoa. Kikohozi kile kikavu cha kuvutwa kutoka chini, kilichokuwa kikimwamsha yeye kila alfajiri mwaka ule wa mwisho.

Kikohozi ndicho kilichomteremsha. Hofu ilikuwepo, lakini juu ya hofu ilipanda hasira ya mke. Akaufungua mlango wa jikoni kwa kishindo.

Hapakuwa na mtu. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga, kama linavyoelea mtu akiwa ametoka kupita. Milango kumi na mitatu ilikuwa ukutani. Wa kumi na nne ulikuwa mezani, nusu mbao tupu, nusu kijani, na juu yake kibao cha msasa. Akakigusa. Kilikuwa na joto.

"Huna kitambaa!" alipaza sauti. "Nilikwambia mara ngapi ufunge kitambaa mdomoni? Vumbi hili hili ndilo lililokuua, na bado unalifuata! Mimi nilikukosea nini hata uniachie nyumba, uniachie watoto, halafu mlango usiniachie?"

Vumbi likaanza kutua.

"Niachie huu," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Najua kusugua. Nilikutazama miaka yote ile, ulidhani natazama nini? Nenda ukapumzike, baba."

Akajifunga kitambaa puani, akashika kibao. Alifanya nusu iliyobaki kwa saa tatu nzima, taratibu, akipapasa kwa kiganja. Hakuna aliyekohoa.

Jumatatu alipofungua, mlango ule ulikuwa vilevile alivyouacha. Akapaka rangi ya kwanza, akangoja ikauke, akapaka mbili za juu, nyeupe inayoelekea kijivu kama alivyotaka binti. Alirudisha kila mlango kwa namba yake. Skrubu hazikupungua hata moja.

Siku ya kukabidhi kazi, bibi aliingizwa jikoni akishikwa mkono na jirani. Akaipitisha mikono yake inayotetemeka juu ya milango, mmoja mmoja.

"Mumeo amepumzika?" aliuliza.

"Amepumzika, bibi."

"Na wewe, mwanangu?"

Mama Rangi akainama kukusanya magazeti.

Jioni ile shemeji alipopita kwake alimkuta ameinama juu ya ndoo uani, anaosha brashi kwa tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Msiba mzima hakuna aliyemwona akilia, hata ndugu wakanong'ona.

"Shemeji, tina hiyo itakumaliza," alisema. "Sogea kwenye upepo."

"Si tina."

Shemeji akakunja mikono ya shati. Kisha akavuta kigoda, akachukua brashi moja kutoka kwenye ndoo, wakaendelea kuosha wote wawili.