Aliyerithi Wimbo wa Mzee Tuppen

"Inua mkono, baba. Na huo mwingine. Haya."

Lorna Tuppen alikuwa akimwogesha mzee wake kwa maji ya beseni, harakaharaka, maana kengele ya kiwanda cha kuku haimngoji mtu. Mzee Cyril alikuwa amebaki mifupa na kikohozi. Ile sauti iliyokuwa ikitikisa vioo vya baa ilikwisha siku kiharusi kilipompiga, na sasa alikuwa mtu wa kunong'ona tu.

"Leo nautoa," akanong'ona.

Lorna akaacha kumfuta. Alijua anasema nini: ule wimbo wa mchungaji aliyefia thelujini, alioupokea mzee kwa baba yake, naye kwa babu. Kwao Sussex wimbo una mwenyewe. Wengine mnaitikia kiitikio, basi. Kuuimba na mwenyewe yu hai, hajakupa, ni kumvua mtu viatu ukavivaa mbele ya macho yake. Lorna aliitikia tangu utotoni na beti zote anazo kichwani. Apewe nani mwingine? Des, mdogo wake, wa maofisini London, anayekuja Krismasi na chupa ya mvinyo?

"Saa sita nitakuwa baa, baba. Des akikufikisha, msianze bila mimi."

Saa sita ikamkuta angali anakata mapaja ya kuku. Wenzake wawili wa zamu hawakuja, na nyapara akaamua waliopo wafidie.

"Bosi, niliomba ruhusa tangu juzi. Ni jambo la familia."

"Nani hapa hana familia? Toka, lakini usirudi. Wanaoitaka nafasi yako wamejaa tele."

Mkate umepanda, gesi imepanda, kodi ya nyumba ndiyo usiseme. Lorna akaendelea kukata.

Alipopewa mapumziko alikimbia hadi baa, kofia ya wavu ingali kichwani. Mzee alikuwa ameketi karibu na moto. Des alikuwa amesimama katikati, sweta jipya, mkono kifuani, anaimba, na mkewe anamrekodi kwa simu.

"Ameshampa," alisema Beryl wa kaunta, bila kumtazama usoni. "Alikungoja sana, Lorna. Mwisho akasema wewe shughuli zimekuzidi. Wimbo unamtaka mtu mwenye muda."

Mwenye muda! Na muda wake Lorna ameula nani? Wivu ulimpanda mpaka masikio yakamwaka. Alimwonea Des wivu wa sweta, wa viganja laini, wa Jumapili zake zote, na zaidi ya yote wa wimbo ule aliokuwa akiuimba kama mtu anayesoma tangazo.

Ubeti wa nne, Des akakwama. Watu wakatazama dari, ndiyo adabu ya pale mwimbaji akisahau. Des akamgeukia dada yake, alivyozoea tangu utoto. Lorna akafumba mdomo. Akome! Acha aumbuke, si alitaka mwenyewe?

Ndipo mzee akafungua kinywa amsaidie mwanawe. Ikatoka hewa na mate. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama. Hilo Lorna hakuliweza.

"Kengele za kondoo zikanyamaza," akatamka, kavukavu.

Des akaudaka mstari, akaenda nao hadi mwisho. Baa nzima ikaitikia, isipokuwa Lorna. Makofi yakalia. Mzee akamshika Des mkono, machozi yanamtiririka. "Mwanangu," akanong'ona. "Mwanangu."

"Dada, umeniokoa kweli," Des alisema, tayari anavaa koti. "Sisi tunaondoka kabla barabara hazijajaa. Utamrudisha baba, eh?"

Lorna akatoa ufunguo wa nyumba, akamtia kiganjani.

"Mrudishe wewe. Dawa ziko juu ya friji. Shuka zinabadilishwa asubuhi na jioni. Akikohoa usiku mwinue, usimwache amelala chali."

"Mimi? Kesho nina kazi, Lorna!"

"Na mimi ninayo leo. Umerithi wimbo, Des. Rithi na beseni."

Akatoka mbio, maana nyapara hampi mtu dakika ya kuona wivu.