Mpima Nyayo

Isidore mfyatua matofali alipoambiwa kwamba kuna mama anakuja kupima nyayo za zahanati, hakuuliza nyayo gani. Yeye alijua unyayo mmoja tu. Uko ukuta wa mbele, tofali la tatu kutoka chini, na asubuhi ile aliuosha kwa maji na kitambaa.

Ni wa binti yake Bénie. Mwaka 2002 mtoto alikanyaga tofali bichi, Isidore akamzaba kofi kwa kuharibu kazi. Wiki ile ile risasi zikalia Kindu, wakakimbilia njia ya Tunda, na surua ikamchukua mtoto huko msituni. Picha yake hana. Aliporudi alikuta matofali yangali chini ya banda, akayachoma, akajengea zahanati, na lile moja akalitazamisha nje. Kofi lile linamuuma hadi leo.

Sasa zahanati ilikuwa ibomolewe, ijengwe mpya.

Mpimaji, Madame Émilienne, alifika na kompyuta ndogo. Aliuliza kuni za kuchomea matofali, mifuko ya simenti, kilomita za malori kutoka Lubutu. Maswali kama ya mama mkwe. Isidore alijibu yote, jicho likiwa ukutani.

"Madame, na nyayo utaipima saa ngapi?"

"Papa Isidore, nyayo ya kaboni njo moshi. Moshi yote jengo inatoa: ya kuni, ya simenti, ya malori."

Isidore aliona haya, mtu mzima na mvi zake. Hata hivyo alimwonyesha tofali, akamweleza. Émilienne aliinama, akatazama vidole vitano. Kisha akarudi kwenye hesabu. Ukuta ni mzima. Ukibaki, hazichomwi kuni mpya, na moshi unapungua. Akaandika ukuta usibomolewe. Fomu haikuwa na nafasi ya huruma, wala haikuhitajika.

Miezi miwili baadaye fundi Dieumerci alikuja na mwiko na karai, aupake ukuta ule simenti upendeze. Isidore akasimama mbele yake.

"Acha. Simenti inaongeza nyayo."

"Nani alisema?"

"Madame. Iko kwa karatasi."

Dieumerci alikuna kichwa, akabeba karai lake akaenda. Isidore akachuchumaa kutoa vumbi kwenye vidole vile vitano, kwa mkono ule ule uliompiga Bénie.